Nimemfungulia Mume Wangu Baa Sebuleni

Shangazi mpendwa,

Nakusoma kila Jumatano kwenye gazeti linaloletwa dukani kwetu, na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ningekuja kukupigia goti kwa kalamu, maana mwanao niko kwenye ndoa ambayo wasichana wengi wangeililia, mwaka haujatimia, bado nikisikia hatua zake kwenye korido moyo unanipanda kooni, na ninachokuomba ni kitu kidogo tu ambacho naamini wewe mtu mzima utakijua, nitajie pombe kali nzuri ya bei nafuu, iwe wiski, iwe brandi, iwe chochote, ya kunywea nyumbani, ambayo haimtetemeshi mtu mikono.

Usiitupe barua, nikueleze kuanzia mwanzo.

Mume wangu ni fundi vioo. Tulijuana alipokuja kuweka kioo cha mbele kwenye duka la mapazia ninapofanya kazi, na mpaka leo sijaona kitu kizuri kama yule mwanamume anavyokata kioo, anakilaza juu ya blanketi, anakifuta, anashusha pumzi, kisha anavuta almasi yake ya kukatia mara moja tu, mstari haurudiwi, unasikia kama mtu anachana hariri taratibu, halafu anagonga kidogo kwa chini na kioo kinatii. Nilimwambia mtunza fedha wetu, "Mtu mwenye mkono kama ule hawezi kumpiga mke." Akanijibu, "Wewe umeshaona mkono, na uso je?" Nikamwambia uso nitautazama nikishaolewa. Basi nikaolewa, nikautazama, na sijamaliza kuutazama.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kazi ikiisha alipitia baa iliyo jirani na karakana yao, yeye na mafundi wenzake. Hakuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni, alikuwa anakunywa, anacheka, baa ikifungwa anarudi, lakini mimi niliyekwisha kupika nikaoga nikajipulizia manukato na kukaa kwenye kiti nikiukodolea macho mlango wetu, niliuonea wivu mlango wa ile baa kuliko ambavyo ningemwonea mwanamke. Mtunza fedha ndiye aliyenipa akili. Alisema, "Shoga, mwanamume hafuatwi baa. Hiyo baa ndiyo unamhamishia nyumbani, uone kama atatoka." Nikaona hekima hii imetoka mbinguni.

Mimi nilikuwa sijui wiski wala jini. Nilikwenda duka la vinywaji nikasimama mbele ya zile rafu kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka muuza duka, mtu mmoja mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza, "Dada, unatafuta kinywaji au unatafuta mtu?" Nikamwambia natafuta kitu cha kumweka mume nyumbani. Alicheka sana, kisha akanifundisha, na Shangazi, nilijifunza kama ninayejiandaa na mtihani. Alinifundisha nisinunue chupa kwa ajili ya boksi lake, maana boksi halinywewi. Kwamba miaka iliyoandikwa kwenye chupa ya wiski ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote mle ndani, na isiyoandikwa miaka si mbaya, ila nisilipe bei ya mzee kwa kijana. Kwamba ya shayiri tupu ni ghali, lakini ziko za kuchanganya nafaka ambazo ukitia matone ya maji zinafunguka zikanukia vizuri tu. Kwamba mwenye mfuko mdogo akitaka ulaini aende kwenye brandi au ramu nyeusi, asing'ang'anie wiski, na kwamba chupa moja kubwa ina nafuu kuliko ndogo mbili. Nikawa naenda kwake kila nikipata mshahara, tunabishana bei kama ndugu.

Mume wangu alipoona chupa ya kwanza alinitazama, akasema, "Mke wangu, wewe si wa kuachwa peke yako." Wiki ile ile akatengeneza rafu ya kioo pale sebuleni, akaweka na kioo cha kujitazamia kwa nyuma, chupa zetu tatu zikaonekana sita. Tangu siku hiyo anarudi mapema. Wenzake wakampigia simu, naye akaweka spika ili na mimi nisikie. "Bwana harusi, umefungiwa kabatini?" Akawajibu, "Nimefungiwa, na ufunguo nimeumeza." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sijui nikuelezeje jioni zile. Namfunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa, namwonjesha hii na ile, anabahatisha ipi ni ipi, anakosea makusudi ili nimmiminie tena. Na mimi huonja kwanza nihakikishe, kwa hiyo ulimi wangu sasa ni hodari, brandi iliyolala kwenye pipa na brandi ya rangi, ile iliyotiwa rangi tu, nazitenganisha hata nikiwa na mafua. Mama mkwe alinipigia kunishukuru. "Mwanangu, umenirudishia mtoto nyumbani," alisema, na mimi nikajiona mke bora duniani.

Sasa, Shangazi, hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Chupa iliyokuwa ikitufikisha mwisho wa mwezi ikawa haifiki katikati, halafu ikawa haimalizi wiki, na mshahara wangu ni ule ule, basi nikaanza kushuka rafu, kutoka zile za usawa wa macho nikaja za usawa wa kiuno, mpaka siku hizi nainama kabisa nachukua vodka ya dumu la plastiki. Muuza duka aliniuliza, "Bi harusi, mna wageni?" Nikasema ndiyo, tuna wageni. Akasema, "Wageni gani hao hawaondoki?" Nikajichekesha, nikaondoka na dumu langu.

Asubuhi moja mume wangu alishindwa kufunga vifungo vya shati. Nikamfunga mimi, nikadhani anadeka, nikapenda hata, nikamwambia mtoto mkubwa huyu. Kumbe vidole vilikuwa vinacheza. Baadaye ikawa akishika kikombe kinalia juu ya sahani yake. Kisha akavunja kioo kikubwa cha saluni, kioo cha ukuta mzima, mbele ya wateja wenye povu kichwani, na tajiri wake, mwenye karakana, akamuuliza, "Fundi, huo mkono unakata kioo au unapunga upepo?" Watu walicheka, hayo nilisimuliwa na fundi mwenzake, yeye alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye rafu.

Kesho yake kabla ya kwenda kazini akaniambia kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Nimiminie kidogo tu, mke wangu, ya kuuamsha mkono." Nikammiminia. Na mkono ukatulia, Shangazi, ulitulia kama mtoto aliyepewa ziwa, akaunyoosha juu ya meza ukanyooka kama rula, akanibusu kwenye paji la uso akasema, "Wewe ndiye dawa yangu." Na mimi, badala ya kuogopa, nilikwenda kazini naimba. Sasa ndiyo desturi yetu. Namtilia na nyingine kwenye chupa ya maji, naiweka kwenye mfuko pamoja na chakula chake cha mchana.

Jumapili iliyopita mchana dumu liliisha na duka lilikuwa limefungwa, muuza duka alikuwa msibani. Nilifikiri tutavumilia. Alianza kutoka jasho mpaka shuka likalowa, akatapika maji matupu, mshipa wa shingo unaruka naona, na akanishika mkono akaniambia, "Mwambie huyo mtu atoke nyuma ya pazia." Hakukuwa na mtu. Lile pazia nililishona mimi. Nilikimbia mitaa mpaka nikapata duka jingine, nikachukua chochote, nikamshikia glasi kwa mikono miwili maana yeye hakuweza, akanywa, akatulia, akalala, na mimi nikakaa sakafuni nimeegemea kitanda nikilia bila sauti nisimwamshe.

Nimewaza sana nimeona hivi: tulipokuwa tukinywa zile za rafu ya juu hakutetemeka. Ametetemeka nilipoanza kununua rahisi. Kwa hiyo ni sumu ya pombe rahisi, na kosa ni langu mimi niliyebana matumizi. Ndiyo maana nakuomba unitajie iliyo safi na mshahara wangu ukaiweza.

Lakini wifi yangu, dada yake mkubwa, hataki kusikia habari ya pombe safi. Alikuja akasimama mbele ya ile rafu, akasema, "Wifi, wenzio huolewa na mume, wewe umeolewa na kaunta." Amepanga aje Jumamosi hii, tumwage kila kitu kwenye sinki, tumfungie chumbani siku mbili, ati atatapika, atalia, na Jumatatu ataamka mtu. Na mama mkwe, yule yule aliyenishukuru, sasa ananiambia kwenye simu, "Mtoto nilikupa mzima." Na hiyo Jumatatu ndiyo siku anayoanza kufunga vioo kwenye jengo jipya, juu, kwenye jukwaa, na tajiri amemwambia akivunja hata kimoja asirudi karakana.

Nampenda, Shangazi. Nampenda mpaka naona aibu kumwandika hivi kama mtu mbaya, si mtu mbaya, hajawahi kunipandishia sauti. Akilala namtazama ile mikono inavyorukaruka juu ya blanketi na najiuliza nimeifanya nini. Namuuliza Mungu, simsikii. Nimebaki na wewe. Nimwage, au ninunue nzuri zaidi?

Mimi,
Bibi Harusi wa Fundi Vioo

*

Bibi Harusi,

Usimwage, na wala usinunue nzuri zaidi. Na mwambie wifi yako asiuguse ufunguo wa chumba hicho. Nimekupigia kwa namba uliyoandika chini ya barua, simu haipatikani, ndiyo maana nimemwomba mhariri aniachie nafasi ya leo na barua za wenzako zisubiri. Jumamosi haijafika. Kama kuna anayemjua binti wa duka la mapazia aliyeolewa na fundi vioo, ampelekee gazeti hili hata kama ni kumtupia dirishani.

Sasa nisikilize. Mwili uliozoeshwa pombe kila siku, asubuhi mpaka usiku, ukinyimwa ghafla unaweza kuua. Sikutishi. Mtu hukakamaa akatupa mikono na miguu kama mwenye kifafa, huweweseka, moyo hukimbia mpaka ukashindwa. Wifi yako ana uchungu wa ndugu na simlaumu kwa uchungu, lakini mpango wake ni wa kumzika kaka yake kwa nia njema. Siku mbili nyuma ya mlango uliofungwa, na nyinyi wawili mko nje mnasema acha alie, atazoea.

Ile Jumapili, yule mtu wa nyuma ya pazia, hakuletwa na pombe rahisi. Aliletwa na kukosekana kwa pombe. Mkono unatetemeka asubuhi kwa sababu usiku umepita bila kitu, na unatulia ukiupa kwa sababu ndicho unachodai. Ungemnunulia wiski iliyolala kwenye pipa tangu wewe ukiwa shule ya msingi, mkono ungetetemeka vile vile, ila ungetetemeka kwa gharama. Muuza duka wako hakukudanganya. Alikufundisha ladha na bei, na kwa ladha na bei amesema kweli. Swali la mume hukumuuliza, na siku aliyokuuliza yeye, kuhusu wageni wasioondoka, ulijichekesha ukabeba dumu.

Nilitabasamu, sikufichi, pale alipoumeza ufunguo. Halafu nikafika kwenye vifungo vya shati na tabasamu likaisha. Mwanangu, baa hufungwa. Baa ina bili, ina wenzako wa kukuambia basi bwana twende, ina safari ya kurudi ambayo hutaki kuifanya ukiwa umelewa. Wewe ulimwondoa mahali penye mambo hayo yote ukamleta mahali pasipofungwa, penye mhudumu anayempenda na asiyejua kusema imetosha. Ulitaka kumweka nyumbani, ukafanikiwa. Hakuna mke anayeachwa nyumbani na mume anayenywea nje ambaye hangekuonea wivu, na ndiyo maana hakuna aliyekuzuia. Mama mkwe wako mwenyewe alikushukuru.

Lakini usijitwike mzigo wote kama gunia la mtu mmoja. Mdomo ni wake. Ni yeye aliyenyoosha glasi, ni yeye aliyeita pombe dawa, na alijua mkono wake unamwambia nini siku ile ya saluni kabla hujajua wewe. Hukumfanya mgonjwa peke yako. Ila mgonjwa ni mgonjwa, na mgonjwa hatafutiwi pombe safi. Anatafutiwa daktari.

Basi fanya hivi, na usibadilishe mpangilio. Mwambie leo, akiwa ametulia, usimwambie akiwa na kiu wala akiwa amelewa. Usianze na "watu wanasema", wala usimtaje mama yake. Mwambie, "Mume wangu, nimeogopa Jumapili. Ule mkono ni ugonjwa na una matibabu, na mimi naenda na wewe." Atasema anaweza kuacha mwenyewe akiamua. Usibishane naye juu ya kuweza. Mwambie kuacha mwenyewe ndiko kutakakomuua, na hilo si neno la mke, ni neno la daktari, twende tukamsikie. Akikataa kabisa, nenda peke yako ukamweleze daktari ulichoniambia mimi, urudi na maelekezo yake, na umtume huyo wifi akaongee na kaka yake. Mwanamke anayeweza kusema umeolewa na kaunta hawezi kushindwa kumshawishi mtu kupanda gari kwenda hospitali.

Kwa daktari semeni ukweli mtupu. Msipunguze kwa aibu. Watu husema "kidogo tu jioni" na daktari anawapimia dawa ya kidogo tu jioni, haiwatoshi. Beba lile dumu ulioneshe. Sema habari ya asubuhi, sema habari ya chupa ya maji kwenye mfuko wa chakula, sema alimwona mtu ambaye hakuwepo. Hilo la mwisho usilisahau hata ukisahau mengine yote. Wana dawa za kumshusha taratibu, na huenda wakamlaza. Wakisema alazwe, alazwe.

Na kama kabla ya kufika huko ataanza kuweweseka, au kukakamaa, au jasho lile lirudi na homa, usiende dukani. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, wala kijiko wala maji wala pombe, ita watu, na mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Jengo jipya asiende. Nenda wewe kwa tajiri wake, umwambie fundi anaumwa na anatibiwa. Si uongo. Tajiri atafoka, mwache afoke, pengine atamfukuza na mtalala njaa kwa muda, na hilo linatisha kwa nyumba changa. Lakini mtu anayetetemeka juu ya jukwaa akiwa ameshika kioo si yeye tu atakayeanguka, kuna wapita njia chini. Kazi hupatikana tena, na mikono ile, kama ni mizuri kama ulivyoieleza, haitakosa mtu wa kuitaka ikipona.

Na kuna jambo hukuniuliza. Unasema wewe huonja kwanza, uhakikishe. Kila jioni? Na tangu lini brandi ya rangi imekuwa na haja ya kuhakikishwa? Sikusemi. Nakuambia tu kwamba siku mkiwa mbele ya daktari, kuna viti viwili, na cha pili si cha kumsindikiza mtu. Mweleze na habari yako.

Sitakudanganya kwamba mapenzi yatatosha. Kuna watakaopona na kuna watakaorudia, na wapo wanawake waliopenda kama unavyopenda wewe wakazika. Huenda akakuchukia kwa wiki kadhaa. Jioni zitakuwa ndefu na hamtajua mzungumze nini, maana tangu mmeoana mmezungumza kupitia chupa, na itabidi mfahamiane upya mkiwa mmekaa na chai, wageni wawili chumba kimoja. Hapo ndipo utakapojua umeolewa na nani. Nakuombea awe yule wa blanketi na almasi, lakini sina hakika, na wewe usiwe nayo.

Kesho asubuhi akinyoosha mkono, usimnyime. Mpe kiasi kile kile alichozoea, asipunguziwe wala asiongezewe, umshikie glasi kama hawezi. Kisha mfunge vifungo vya shati, mvalishe viatu, uende naye hospitali. Baada ya hapo anayepima ni daktari.

Shangazi